Usiuze Ukiwa na Njaa

Masomo: Mwanzo 25:29-34, Luka 4:1-13, 1 Wafalme 19:1-8



Wiki hii nataka tuangalie jambo ambalo mara nyingi tunaliruka tukifundisha juu ya majaribu. Tumezoea kuuliza, jaribu lilikuwa gani? Ilikuwa pombe, ilikuwa pesa, ilikuwa mke wa mtu? Leo tuulize swali lingine: lilikuja saa ngapi? Huyo mtu alikuwa amelala vizuri ama alikuwa na siku tatu bila usingizi? Alikuwa amekula? Alikuwa amepata habari gani asubuhi hiyo? Maandiko yanatuambia haya mambo waziwazi, na hayakuandikwa kujaza karatasi.

Fungua Mwanzo 25 mstari wa 29. Esau ametoka porini, amechoka. Biblia inaanza na uchovu wake kabla haijataja bei yoyote. Ndugu yake Yakobo yuko jikoni, sufuria iko motoni. (Hapa niseme kidogo. Biblia yetu inasema dengu, na sisi hapa Kenya ukitaja dengu mtu anawaza ndengu, zile za kijani tunazokula na chapati. Za Yakobo zilikuwa kamande, na mchuzi wake ulikuwa mwekundu. Ndiyo sababu Esau akaitwa Edomu, jina ambalo kwa Kiebrania linakaribiana na neno la kusema nyekundu.) Harufu imemfikia mtu mwenye njaa, na Yakobo, ambaye hakuwa mjinga, anajua hii ndiyo saa ya kufanya biashara.

Sasa angalia kilichouzwa. Mzaliwa wa kwanza alikuwa anapata fungu mara mbili ya ndugu zake, tunaliona hilo katika Kumbukumbu la Torati 21:17. Na katika nyumba hii kulikuwa na kitu zaidi ya mbuzi na ng'ombe, kulikuwa na ahadi ambayo Mungu alimpa Ibrahimu. Kitu cha vizazi kikaenda kwa sahani moja ya kamande na mkate.

Esau alijiteteaje? Alisema yuko karibu kufa, kwa hivyo uzaliwa wa kwanza utamsaidia nini. Nenda mstari wa mwisho, wa 34, usome pole pole. Alipomaliza kula na kunywa, alisimama na miguu yake mwenyewe akaenda. Mtu wa kufa hasimami hivyo baada ya sahani moja. Alikuwa na njaa, hiyo ni kweli, hakuna anayemkatalia. Lakini njaa yake ilimwambia uongo juu ya ukubwa wake. Ilimwambia, usipopata hiki kitu sasa hivi umekwisha. Na ukimsikiliza vizuri shetani, hiyo ndiyo sauti yake siku zote: sasa hivi. Hakuambii ufikirie mpaka kesho, maana anajua kesho utakuwa umelala, umekula, na utakuwa na akili zako.

Mwezi wa kwanza hapa kwetu tunauita Njaanuari, na tunacheka. Lakini hebu tuwe wakweli. Kijana wa mjengo, kazi imesimama tangu Krismasi. Mtoto amerudishwa nyumbani sababu ya karo. Mwenye nyumba amepiga simu mara mbili. Huyu kijana ameokoka, anaimba kwa praise, tunamjua. Saa tano usiku simu yake inaingia ujumbe wa kampuni ya kamari: weka mia, upate elfu kumi. Ujumbe huo huo ukimpata mchana akiwa na kibarua na mshahara mfukoni, anaufuta bila kumaliza kuusoma. Lakini usiku huo, na zile elfu mbili ambazo kina mama wa chama walimchangia za karo zikiwa kwa simu, ujumbe unaanza kufanana na jibu la maombi. Anajiambia ni mara moja tu. Anajiambia Mungu anajua hali yangu. Asubuhi elfu mbili hazipo, na sasa ana mambo mawili ya kumficha mke wake: pesa, na uongo wa kueleza pesa ilienda wapi. Kisha anachukua mkopo wa simu kufunika shimo, na mkopo unataka kulipwa na riba.

Huyo kijana akija kwako, usianze kumhubiria kana kwamba alikaa akapanga kumwacha Yesu. Aliuza akiwa na njaa.

Tukitoka kwa Esau twende kwa Bwana wetu, Luka 4. Siku 40 jangwani bila chakula, na Luka anaandika kwamba baada ya hizo siku aliona njaa. Hapo ndipo mshitaki anakuja na maneno ya mkate. Mkate si dhambi. Huyu huyu Yesu baadaye aliwalisha watu elfu tano. Jaribu lilichukua hitaji la haki kabisa, likamwonyesha njia ya mkato, mbali na Baba yake. Ndiyo maana wengi wetu tunaanguka bila kusikia kengele yoyote. Tunangoja jaribu lije na sura mbaya, na lenyewe limekuja na sura ya karo, ya kodi ya nyumba, ya upweke wa mjane ambaye hakuna mtu amemuuliza habari yake tangu matanga yaishe.

Kuna jambo lingine hapo ambalo usipite haraka. Kabla ya jangwa ni Yordani. Katika sura ya 3, Yesu ametoka majini na sauti ya Baba imemwita Mwana mpendwa. Sura ya 4, neno la kwanza la shetani ni kutia shaka juu ya hilo hilo: kama kweli wewe ni Mwana. Kabla ya kuguswa tumbo, aliguswa jina. Na wewe ukiwa umechoka utaisikia: kama Mungu anakupenda kweli, mbona mwaka wa tatu hakuna kazi? Kama umeokoka kweli, mbona bado unataka hiyo pombe? Ukishakubali kwamba wewe si mtoto, kuuza kunakuwa rahisi sana, maana mtu hawezi kulinda urithi ambao anafikiri si wake.

Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, mahali Musa anawakumbusha Israeli miaka 40 ya jangwani. Mtu mwenye njaa jangwani alijibu kwa maneno yaliyotolewa kwa watu wenye njaa jangwani. Na hakukuwa na mtu wa kumletea gombo alifungue asome. Neno lilikuwa ndani tayari. Mkulima wa Kitale hangoji ghala iwe tupu ndipo aanze kutafuta mahindi ya kuhifadhi, anaweka wakati wa mavuno. Ukikariri neno siku ambayo una nguvu, utalikuta siku ambayo huna. Ukingoja usiku wa saa tano na simu mkononi ndipo uanze kutafuta mstari, nakuambia ukweli, kidole kitafika kwingine kwanza.

Na mjue shetani naye alinukuu Maandiko siku hiyo, alichukua Zaburi ya 91. Kwa hivyo mtu akikuletea mstari wa Biblia wa kukusaidia kufanya ile kitu roho yako inakataa, usishtuke. Ni mchezo wa zamani.

Mstari wa 13 unasema shetani alimwacha kwa muda. Kwa muda, wapendwa. Ukishinda leo, mshukuru Mungu, kisha usitupe silaha.

Nije kwa Eliya, na hapa nitakaa, kwa sababu naona sisi watu wa Roho tunamhitaji sana. 1 Wafalme 18 moto umeshuka Karmeli, manabii wa Baali wameaibishwa, mvua imenyesha. Sura ya 19 mtu huyo huyo anakimbia kwa sababu ya ujumbe wa mwanamke mmoja, Yezebeli. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe uhai. Nabii! Jaribu lake halikuwa pombe wala mwanamke. Lilikuwa kukata tamaa, na hilo nalo ni jaribu, na liko kanisani kwetu, hata kama tumezoea kulifunika na haleluya.

Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Hakumwambia afunge siku tatu. Malaika alimgusa akamwambia ale. Kulikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, akisema safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Baada ya chakula mara mbili na usingizi mara mbili ndipo akatembea mpaka Horebu, na huko ndiko Mungu alisema naye juu ya kazi iliyobaki.

Nasema hivi kwa heshima, na wazee wa kanisa wanajua sipingi kesha wala mfungo, nimefundishwa katika hizo na nitakufa katika hizo. Lakini kuna ndugu hapa ambaye ni mlinzi wa usiku. Anatoka kazini asubuhi, anakuja maombi ya alfajiri, mchana anafanya kibarua, jioni yuko mazoezi ya kwaya, na usiku ana hasira na kila mtu nyumbani. Anakuja kuombewa roho ya hasira itoke. Tutamwombea. Lakini pia mtu amwambie, ndugu yangu, nenda ulale. Kulala kunaweza kuwa utii. Mwili huu ni hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6:19, na hekalu lenye mlango umevunjika mwizi anaingia bila kubisha.

Kwa upande mwingine, msidhani udhaifu ni wa wenye njaa peke yao. Daudi katika 2 Samweli 11 hakuwa na shida yoyote. Ilikuwa majira ambayo wafalme huenda vitani, yeye akabaki Yerusalemu, na jioni akainuka kitandani akatembea juu ya dari. Kushiba na kukosa la kufanya ni jangwa pia. Mwenye masikio asikie, hasa sisi wenye simu kubwa na bando ya usiku.

Sasa tunafikia sehemu ngumu. Yusufu, Mwanzo 39. Tunapenda kuhubiri alivyokimbia akaacha vazi mikononi mwa yule mwanamke. Lakini mstari wa 10 unasema mambo hayo yalikuwa ya siku baada ya siku, na Yusufu alikataa kulala naye na pia kuwa naye. Yaani alikuwa ameanza kukimbia mapema, kwa kukataa kukaa karibu. Ile mbio ya mwisho ilikuwa na mazoezi nyuma yake. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 10:13 kwamba Mungu hataacha tujaribiwe kupita uwezo wetu, na pamoja na jaribu huweka mlango wa kutokea. Panda basi la kwenda Kisumu uangalie, mlango wa dharura uko na umeandikwa. Hauusaidii mtu ambaye anangoja basi lipinduke ndipo aanze kuuliza uko upande gani. Mara nyingi mlango ule uko mwanzo wa jambo: ni ule ujumbe ambao hukujibu, ile barabara ambayo hukupitia, ile simu uliyompigia ndugu kabla, wala si baada.

Na Yusufu alipokataa alipata nini? Jela. Tusiwadanganye vijana wetu. Kuna dada katika kusanyiko hili anaweza kuwa anasoma huku mkuu wake wa kazi amemwambia mkataba wake utategemea kama atakubali kwenda naye mahali fulani wikendi. Nyumbani kuna mama mgonjwa na wadogo wawili shuleni. Tukimwambia akatae, na ni lazima tumwambie akatae, tumwambie pia ukweli kwamba kazi inaweza kwenda. Mstari wa 21 unasema Bwana alikuwa pamoja na Yusufu huko gerezani. Hausemi alimtoa siku iliyofuata.

Halafu tujiulize sisi wengine: huyo dada akipoteza kazi kwa sababu ya Yesu, kanisa liko wapi? Yakobo 2:15-16 anazungumza juu ya mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani akashibe, bila kumpa kitu. Katika Matendo 4:34 hakukuwa na mhitaji kati yao, na sababu imeandikwa: waliokuwa na mali walitoa. Naona wakati mwingine tunawaachia watu wetu vita ambayo sahani ya chakula ingemaliza nusu yake. Yule kijana wa kamari, kama mtu mmoja wa ushirika wake angepita jioni hiyo na unga na kukaa naye mpaka saa nne, shetani angekuta mlango una watu. Idara ya huduma ya jamii inapoomba mchango, hiyo ni vita ya kiroho, sawasawa na maombi ya usiku.

Basi mtu wa Mungu afanye nini saa yenyewe inapofika?

Kwanza sema. Sema na Mungu, na usijali urefu. Petro akizama katika Mathayo 14:30 aliomba maneno mawili tu na mkono ukamfikia. Waebrania 4:15-16 inatuambia tuna Kuhani Mkuu ambaye alijaribiwa kama sisi bila kutenda dhambi, na tumkaribie kwa ujasiri tupate msaada wakati wa kuuhitaji. Wakati wa kuuhitaji ni ule ule ambao unajiona mchafu na hutaki kuomba. Na kama maneno yamekwisha kabisa, Warumi 8:26, Roho hutusaidia udhaifu wetu kwa kuugua. Lia kwa lugha Roho anakupa. Ugua tu. Mbinguni wanaelewa.

Pia sema na mtu. Chagua mmoja leo, wa jinsia yako, aliyekomaa, asiye na mdomo mrefu (mnajuana). Mkubaliane kwamba unaweza kumpigia saa yoyote. Kama shida yako ni kamari, zuia zile namba, futa ile programu, na pesa ya karo ipelekwe shuleni siku hiyo hiyo ama ishikwe na mke wako. Kama ni pombe, badilisha njia ya kurudi nyumbani. Watu wengine watakuambia hiyo ni kukosa imani. Yesu alisema ukono ukikukosesha uukate, na alikuwa anajua unachohitaji ni zaidi ya kufunga macho na kukemea.

Na usifanye uamuzi wowote mkubwa ukiwa umechoka. Usijiuzulu, usimwache mume, usichukue mkopo, usijibu ule ujumbe. Kula. Lala. Asubuhi uombe, kisha uamue.

Kuna ndugu amesoma mpaka hapa akisema, mchungaji, umechelewa, mimi nimeshauza. Nakuelekeza kwa Petro. Gethsemane aliambiwa akeshe aombe, akalala. Usiku huo huo, kwa baridi, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, alimkana Bwana mara tatu. Yohana 18:18 ndiyo inataja huo moto wa makaa. Baada ya ufufuo, Yohana 21:9, wanafika ufuoni wakimkuta Yesu amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake na mkate. Harufu ile ile ya usiku ule mbaya. Na Yesu hakuanza na maswali. Kwanza aliwaambia waje wale. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza Petro mara tatu kama anampenda, na mara tatu akampa kazi. Na kabla Petro hajaanguka, Luka 22:32, Yesu alikuwa amekwisha kumwombea. Esau alitafuta baraka kwa machozi na kile alichouza hakikurudi, Waebrania 12:17, na si vizuri tulifiche hilo. Pesa ya karo inaweza isirudi. Lakini mlango wa kurudi kwa Yesu Petro aliukuta wazi, na kifungua kinywa tayari. Njoo ofisini Jumanne ama Alhamisi, ama umwone mzee wa ushirika wako. Hatutatangaza jina la mtu.

Katika ushirika wa nyumbani Jumatano hii someni 1 Wafalme 19 mpaka mstari wa 18, na kila mmoja aseme ni saa gani ya siku, ama siku gani ya mwezi, huwa dhaifu zaidi. Viongozi, anzeni nyinyi, ili wengine wasiogope. Kisha mpange nani atampigia nani saa hiyo. Mwenye nyumba asipike kitu kikubwa, chai na viazi vinatosha, lakini kuwe na chakula.